Nunataki: vilele vinavyochungulia juu ya barafu

Fungua picha ya satelaiti ya Antaktika kwenye simu yako, halafu ivute taratibu. Mwanzoni hamna kitu, weupe mtupu kilomita kwa kilomita. Ukisogea kuelekea kingo za bara vinaanza kuonekana vidoa vyeusi, kama pilipili manga iliyomwagika kwenye unga wa sembe. Siyo uchafu wa kamera. Hivyo ni vilele vya milima. Milima yenyewe imezama ndani ya barafu, na unachokiona ni ncha zake tu zikichungulia nje.

Wenyeji wa Greenland wana neno lao kwa kilele cha namna hiyo: nunataq. Ndani yake kuna "nuna", yaani ardhi. Wanasayansi wa Ulaya waliliazima neno hilo karne ya 19, na leo linatumika dunia nzima, hata kule Antaktika ambako hakujawahi kuwa na wenyeji. Kwenye makala hii nitasema nunataki, ngeli ya I-ZI. Siku BAKITA wakituletea neno zuri zaidi tutabadilisha.

Ili uelewe kwa nini milima mizima inaweza kuzikwa, fikiria kwanza unene wa barafu yenyewe. Bamba la barafu la Antaktika lina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 14, na kwa wastani unene wake unakaribia kilomita 2. Mahali penye barafu nene kuliko pote pamepimwa zaidi ya mita 4,700. Mlima Meru wa Arusha una mita 4,562 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ukiusimamisha pale ungefunikwa wote na bado ukabaki na barafu ya kutembelea juu yake. Sehemu ya bara hilo isiyo na barafu haifiki hata asilimia 1. Nunataki ni sehemu ya hicho kidogo kilichobaki.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba barafu hii haijatulia. Inateremka kutoka katikati ya bara kuelekea baharini, polepole mno, lakini inatembea. Nunataki imesimama katikati ya mwendo huo kama nguzo ya daraja mtoni. Upande barafu inakotokea, inajikusanya na kupanda. Upande wa pili mara nyingi kunabaki bonde, na upepo unalichonga bonde hilo likawa shimo lenye kina kikubwa. Jua nalo linasaidia. Theluji safi inarudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga, wakati mwamba mweusi unaumeza mwingi wake. Ndiyo maana siku ya kiangazi yenye jua, hata kama hewa iko chini ya nyuzi sifuri, uso wa jiwe unaweza kuwa na uvuguvugu na theluji iliyo pembeni yake ikayeyuka.

Sasa, hayo yote yanavutia, lakini siyo sababu ya watu kusafiri mpaka kule kwa ndege na kulala kwenye mahema wiki nyingi. Wanachofuata ni kumbukumbu. Unajua ile fimbo ya kupimia oili kwenye injini ya gari? Unaichomoa, unaangalia alama oili ilikofika. Nunataki ni fimbo hiyo kwa bamba la barafu. Swali ni namna ya kuisoma, kwa sababu barafu ikishuka haiachi doa la mafuta. Au tuseme inaacha, ila ni doa la atomu.

Twende taratibu hapa, maana ndipo utamu ulipo.

Kila sekunde dunia inapigwa na chembe zenye nishati kubwa kutoka anga za mbali, tunaziita miale ya kosmiki. Zikigonga hewa huko juu zinazalisha chembe nyingine, zikiwemo nyutroni, ambazo baadhi yake hufika mpaka ardhini. Nyutroni ya namna hiyo ikigonga atomu ya oksijeni ndani ya jiwe, inaweza kukivunja kiini chake vipandevipande. Mara chache sana, kipande kimojawapo kinakuwa beriliamu-10. Hii siyo beriliamu ya kawaida. Inaoza yenyewe, ingawa kwa uvivu: nusu yake hupotea kwa miaka milioni 1.4 hivi. Ukiikuta imefungwa ndani ya punje ya kwatzi, basi karibu yote imezaliwa humohumo jiwe lilipokuwa wazi chini ya anga.

Barafu ni mwavuli. Nyutroni hizi zikiingia kwenye mwamba, kila sentimita 60 hivi zinapungua hadi karibu theluthi moja. Kwenye barafu zinakwenda mbali kidogo zaidi kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko mawe, lakini mita 10 za barafu zinatosha kuzizuia karibu zote. Kwa hiyo jiwe lililo chini ya barafu saa yake imesimama. Siku barafu inaposhuka na kuliacha jiwe wazi, saa inaanza kuhesabu.

Inahesabu kwa kasi gani? Kwenye usawa wa bahari, karibu na ncha za dunia, gramu moja ya kwatzi inapata atomu 4 hivi za beriliamu-10 kwa mwaka. Nne! Kwa miaka 8,000 unapata kama 32,000. Linganisha na gramu hiyohiyo ya kwatzi, ambayo ina molekuli zipatazo 1 ikifuatwa na sifuri 22. Kutafuta sindano kwenye rundo la nyasi ni mchezo wa watoto. Maabara wanalisaga jiwe, wanatenga kwatzi, wanaiosha kwa asidi ili kuondoa beriliamu iliyoletwa na mvua au theluji, halafu wanaiyeyusha kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo ni hatari kweli na haiguswi bila mavazi maalumu. Kinachobaki kinapelekwa kwenye mashine inayoharakisha atomu na kuzihesabu kulingana na uzito wake. Nchi chache ndizo zenye mashine hizo.

Lakini si jiwe lolote linalofaa. Wanajiolojia wakifika kwenye nunataki hawakimbilii mwamba wenyewe. Wanatafuta mgeni. Barafu inapopita juu ya milima iliyofichika inang'oa mawe na kuyabeba, na inaposhuka inayatua ubavuni mwa nunataki, kama maji ya mafuriko yanavyoacha magogo ukingoni. Unaweza kukuta jiwe la granaiti limekaa juu ya mwamba mweusi wa volkano, na hakuna granaiti nyingine jirani. Jiwe hilo halikudondoka kutoka mbinguni, lililetwa. Ukiokota wageni wa aina hiyo kuanzia kileleni hadi kwenye ukingo wa barafu ya leo, na ukapima kila mmoja amekaa wazi miaka mingapi, umepata ratiba nzima ya barafu kushuka: lini ilikuwa hapa, lini pale, na ilishuka kwa kasi gani.

Kazi nzuri ya mfano ni ile iliyofanyika kwenye Milima ya Hudson, karibu na mto wa barafu wa Pine Island huko Antaktika Magharibi. Mto huo ni miongoni mwa wale wanaotia watu wasiwasi kuliko yote, kwa sababu unapungua unene haraka tangu satelaiti zianze kuufuatilia. Swali lilikuwa: je, hii imewahi kutokea kabla? Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la Science. Mawe yaliyookotwa kwenye nunataki za pale yalionyesha kwamba takriban miaka 8,000 iliyopita mto huohuo ulipungua kwa zaidi ya mita 1 kwa mwaka, kasi inayolingana na ya siku hizi, na hali hiyo iliendelea kwa makumi hadi mamia ya miaka.

Soma tena sehemu ya mwisho. Makumi hadi mamia ya miaka. Watafiti waliona kuwa chanzo kikubwa yaelekea kilikuwa kudhoofika kwa barafu inayoelea baharini mbele ya mto huo. Barafu ile hufanya kazi kama kizuizi, inaushikilia mto usishuke kwa pupa. Kizuizi kikilegea, mto unakimbia, na hausimami kesho yake. Ushahidi huu haukutoka kwenye kompyuta. Umetoka kwenye mawe.

Kama unaishi Mombasa, Lamu, Unguja au Dar es Salaam, suala hili si la mbali hivyo. Sehemu kubwa ya barafu ya Antaktika Magharibi imekaa juu ya ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari, na ndiyo maana bahari yenye joto inaweza kuifikia kwa chini. Mto wa barafu wa Thwaites peke yake, jirani wa Pine Island, una barafu ya kutosha kuinua bahari zote duniani kwa zaidi ya nusu mita iwapo wote utaishia majini. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: bahari haipandi sawasawa kila mahali kama maji kwenye beseni. Bamba la barafu ni zito kiasi kwamba linayavuta maji ya bahari yaliyo jirani nalo kwa nguvu ya uvutano. Likipungua, uvutano unalegea, na maji yale yanasambaa kwenda mbali. Kwa hiyo barafu ya Antaktika ikiyeyuka, karibu na Antaktika yenyewe bahari inaweza hata kushuka, na sisi tulio mbali, huku Bahari ya Hindi, tunapata zaidi ya wastani. Sioni haki yoyote hapo, lakini fizikia haijali haki.

Je, nunataki zinaweza kudanganya? Ndiyo, na ziliwadanganya watu kwa muda mrefu. Kwenye milima mingi iliyowahi kuwa na barafu kuna mstari ubavuni: chini yake mwamba umelainishwa na kukwaruzwa, juu yake umepasukapasuka na kuchakaa. Tafsiri rahisi ni kwamba mstari ule ndio uso wa barafu wa zamani, na kila kilicho juu yake kilikuwa nunataki. Huko Uskoti ramani za barafu ya kale zilichorwa kwa kufuata mistari hiyo. Baadaye mawe ya wageni yalipimwa kwa beriliamu-10 juu ya mistari ile, yakaonyesha kwamba barafu iliwahi kufika huko pia, tena katika enzi ya barafu ileile ya mwisho. Kumbe vilele vile vilikuwa vimezikwa. Ila barafu iliyovifunika ilikuwa ya baridi kali na imegandamana na mwamba, haikuteleza, kwa hiyo haikukwaruza kitu. Ilivifunika kama blanketi na kuviacha vilivyokuwa.

Ndiyo sababu mwamba wenyewe haupewi imani ya haraka. Barafu isiyokwaruza haifuti atomu za zamani, na mwamba unaweza kukuambia "nimekaa wazi miaka 100,000" wakati barafu iliondoka juu yake juzi tu. Kuna njia ya kuubana. Pamoja na beriliamu-10, kwenye kwatzi huzaliwa pia aluminiamu-26, inayooza haraka karibu mara mbili. Jiwe likizikwa, aluminiamu inapungua upesi kuliko beriliamu, na uwiano wa hizo mbili unafichua kwamba kuna kipindi jiwe lilikuwa gizani. Ipo pia kaboni-14 inayozaliwa humohumo ndani ya kwatzi, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 5,730 tu. Hii inasahau haraka, na kwa kazi hii kusahau ni faida.

Kaboni hiyo ndiyo ilitumika kwenye utafiti mmoja ninaoupenda sana. Karibu na Mlima Murphy, katikati ya mito ya barafu ya Thwaites na Pope, watafiti walichimba kupita kwenye barafu mpaka kwenye mwamba uliofunikwa, wakatoa vipande vya mwamba huo. Matokeo ya 2023: mwamba ule ulio chini ya barafu leo uliwahi kuwa wazi ndani ya miaka elfu chache iliyopita. Yaani barafu ya pale iliwahi kuwa nyembamba kuliko sasa kwa angalau mita 35, halafu ikarudi kuwa nene. Habari njema? Kwa kiasi. Inaonyesha kwamba kupungua kwa barafu eneo lile kuliwahi kugeuka. Lakini kulitokea katika hali ya hewa isiyokuwa ikipashwa joto kama yetu, na kurudi kwenyewe kulichukua muda mrefu kuliko maisha ya mji wowote wa pwani unaoujua.

Nimekaa sana kwenye mawe, nisisahau viumbe.

Mimea inayotoa maua Antaktika nzima ni aina mbili tu, na zote ziko kwenye rasi ya kaskazini ambako kuna afadhali ya joto. Kwenye nunataki za ndani wanaotawala ni likeni, ule muungano wa kuvu na mwani unaouona kama madoa ya rangi kwenye mawe na magome ya miti hata kwetu. Zimepatikana hadi zaidi ya latitudo 86 kusini. Pamoja nazo wapo utitiri na vijidudu wanaoruka kwa kufyatua mkia, wadogo kuliko punje ya mchele. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba baadhi ya koo zao zimekuwa peke yake huko kwa mamilioni ya miaka. Hawaruki baharini hawa. Kama wamekuwepo muda wote huo, basi kwenye kila enzi ya barafu, hata ile mbaya kabisa, mahali fulani palibaki mwamba wazi. Hilo ni kumbukumbu ya aina nyingine, na mwanafunzi wa biolojia anaweza kuwasaidia wa jiolojia kujua mahali pa kutafuta. Swali kama hilohilo liliwagombanisha wataalamu wa mimea wa Skandinavia kwa zaidi ya karne moja: je, mimea ya milimani ya Norwei ilinusurika kwenye nunataki au ilirudi kutoka kusini baada ya barafu kuondoka? Hadi leo ukiwaweka meza moja watabishana.

Halafu kuna ndege. Svarthamaren, nunataki iliyo karibu kilomita 200 kutoka baharini, ina mojawapo ya makoloni makubwa kabisa ya ndege wa baharini wanaotaga ndani ya Antaktika. Kila safari ya chakula ni kwenda na kurudi umbali huo juu ya barafu tupu. Ndugu zao weupe, wale wanaoishi na theluji mwaka mzima, wana tabia ya kumtemea adui mafuta ya tumboni, mafuta yenye harufu ambayo sitaieleza. Mafuta yale yanaganda kwenye mawe kuzunguka viota, tabaka juu ya tabaka, na kwa kuwa ni baridi hayaozi. Watafiti wanayapima umri kwa kaboni. Ya zamani kabisa yamezidi miaka 30,000. Matapishi ya ndege, jamani, yanatuambia kwamba mwamba ule ulikuwa wazi wakati huo na bahari yenye chakula haikuwa mbali sana.

Na vimondo, kwa kifupi. Mwaka 1969 kundi la Wajapani waliokuwa wakifanya utafiti kwenye barafu ya buluu karibu na Milima ya Yamato waliokota vimondo 9 eneo moja. Walipovichunguza wakakuta ni vya aina tofauti, kwa hiyo havikuwa vipande vya mwamba mmoja uliopasuka. Nini kilivikusanya? Milima. Barafu iliyobeba vimondo vilivyoanguka sehemu kubwa ya bara inafika kwenye milima iliyozikwa nusu, inakwama, na upepo mkavu unailamba kidogokidogo. Barafu inaondoka, mawe yanabaki. Tangu hapo Antaktika imetoa vimondo vingi kuliko sehemu nyingine zote za dunia zikijumlishwa, kikiwemo kimoja kutoka Mirihi kilichookotwa Allan Hills mwaka 1984. Ni vidogo ukivilinganisha na kimondo chetu cha Mbozi, lakini kwa idadi hatuwawezi.

Kwetu je? Nunataki kwa maana kamili inahitaji barafu pembeni yake, na barafu ya Afrika Mashariki inakwisha. Zamani ilikuwa nyingi. Katika enzi ya mwisho ya barafu, Mlima Kenya ulikuwa na mito ya barafu iliyoshuka hadi chini ya mita 3,500, huku Batian na Nelion zikichomoza katikati yake. Leo vipande vichache vilivyobaki vimejificha kwenye vivuli vya vilele hivyo. Kwenye Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, mbinu ileile ya beriliamu-10 imetumika kwenye mawe yaliyoachwa na barafu ya kale, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba barafu ya pale ilianza kurudi nyuma yapata miaka 20,000 iliyopita.

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, utapita Bonde la Teleki. Angalia matuta ya mawe yaliyojipanga pande mbili za bonde, marefu na yamenyooka kuliko unavyotarajia. Hayo yalisukumwa na barafu, na urefu wake juu ya bonde unakupa wazo la unene wake. Kisha inua macho kwenye vilele uone ni kiasi gani cha mlima kilichobaki nje.